NENO 'BLOOM': SI KILA UA HUCHANUA

Katika toleo hili la gazeti letu nimeonelea nishughulikie neno moja tu la Kiingereza, nalo ni 'bloom'. Huenda ukauliza: neno la Kiingereza linatafuta nini katika gazeti la Chama cha Kiswahili? Swali lako ni la haki. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tunaishi na lugha mbili au tatu kila siku. Baiolojia tunaisoma kwa Kiingereza, tukitoka nje tunapiga gumzo kwa Kiswahili, na jioni tukifika nyumbani wengi wetu tunabadilisha tena. Katika safari hiyo maneno mengine hudondoka njiani, na mengine hufika yakiwa yamevaa nguo zisizo zao. Neno 'bloom' ni mojawapo.

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utakutana na 'ua' na 'chanua'. Wengi huishia hapo, hufunga kamusi na kwenda zao mapumziko. Ninalotaka kusema ni hili: maana hizo mbili ni sahihi, lakini hazitoshi, na kuna mahali zinaweza hata kumdhuru mtu. Mahali penyewe hapako mbali na sisi tunaokaa karibu na ziwa. Basi nifuate polepole, tutafika.

ASILI YA NENO

Neno hili lina ndugu wengi. Kiingereza kililipokea kutoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya waliosema 'blóm', na limo katika maandishi ya Kiingereza tangu takriban mwaka 1200. Wajerumani husema 'Blume', Waholanzi 'bloem'. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na neno lao la kale ambalo siku hizi ni 'blossom'. Kisha Wanormani kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066, na lugha yao ikaleta neno la tatu, 'flower', lenye asili ya Kilatini. Kwa hivyo Mwingereza ana maneno matatu ya jambo ambalo sisi twaliita ua.

Hapa kuna kioja kidogo. Neno 'flour', yaani unga, lilikuwa zamani neno lilo hilo la 'flower'. Waingereza waliuita unga laini kuliko wote 'ua la ngano', kwa sababu ndio sehemu bora ya nafaka iliyosagwa. Baadaye wakatenganisha tahajia, lakini matamshi yakabaki yale yale. Kwa hivyo ukinunua pakiti ya unga wa ugali leo jioni, jua kwamba kwa Kiingereza umebeba ua!

MITI NA MAUA YAKE

Aghalabu 'blossom' hutumika kwa maua ya miti inayozaa matunda, na 'bloom' kwa ua linalopendwa kwa uzuri wake. Tuchukue mibuni (nasema mibuni ya kahawa, si mbuni ndege). Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mibuni hutoa maua meupe yanayonukia kama asumini, na baada ya siku chache yanakuwa yamepukutika. Mkulima akiyaona huanza kupiga hesabu ya mavuno. Hayo ni 'blossom', kwa sababu nyuma yake kuna tunda.

Mijakaranda ya Nairobi, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, hugeuka zambarau kati ya mwezi wa Septemba na Novemba hivi. Hakuna anayengoja tunda pale. Watu hutazama tu na kupiga picha. Hiyo ndiyo 'in bloom'. Kwa Kiswahili tutasema mijakaranda imetoa maua, au imechanua. Angalia jambo moja: sisi kwa kawaida husema mti umetoa maua, nalo ua ndilo limechanua. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mti na kwa ua. Ukitafsiri, ni lazima ujue ni nani anayetenda.

Tena Kiswahili kina hatua zake. Mmea kwanza huchipua, kisha hutoa tumba, tumba hufunguka na ua huchanua, halafu hunyauka na kupukutika. Ukienda Naivasha kwenye mashamba makubwa ya maua utaona hatua hizi zina bei. Maua ya waridi yanayosafirishwa ng'ambo hukatwa yakiwa bado tumba, ili yachanue yakiwa mezani kwa mnunuzi huko Ulaya. Kwa mfanyabiashara yule, ua lililochanua shambani limeshachelewa. Mtu akiandika kwamba Naivasha huuza 'maua yaliyochanua', mwenye shamba atacheka.

WATU NAO HUCHANUA?

Waingereza hulitumia neno hili kwa binadamu pia, na hapa ndipo wengi wetu huteleza. Wakisema mama fulani 'is blooming', hawana maana kwamba ametoa maua kichwani. Sisi twasema amenawiri. Neno 'nawiri' ni zuri ajabu, kwa sababu lina undugu na 'nuru': uso wa mtu mwenye afya ni kama unatoa mwangaza. Biashara nayo ikifanya vizuri twasema imeshamiri au imestawi. Kipaji cha mwimbaji kikianza kuonekana twasema kimechipuka. Penzi likizidi, vijana wenzangu mnajua wenyewe, limenoga. Kijana akiwa katika umri wake mzuri twasema yuko katika ujana mbichi. Hebu hesabu: nawiri, shamiri, stawi, chipuka, noga, ubichi. Maneno sita ya Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza. Nani basi aliyesema eti Kiswahili ni lugha maskini?

Nataka kusimama kidogo kwenye usemi mmoja, 'late bloomer'. Huu hutumika kwa mtu aliyeanza polepole, kisha baadaye akaja kung'ara. Ukiutafsiri neno kwa neno utapata 'mchanuaji aliyechelewa', na darasa zima litaangua kicheko. Afadhali useme 'aliyechelewa kung'ara'.

Lakini kilichonivutia ni upole uliomo ndani ya usemi huo. Anayeusema anakubali kwamba ua lipo na litakuja, ila saa yake haijafika. Sasa tazama majina tunayowapa wenzetu wanaoshika mkia darasani: mzito, kichwa maji, mzigo wa darasa. Katika majina hayo hamna hata chembe ya matumaini. Mtu akiitwa kichwa maji tangu kidato cha kwanza, kufikia kidato cha tatu ameshaamini. Jamani, tuchunge ndimi zetu. Mkonge wenyewe hukaa shambani miaka mingi bila hata ua moja, kisha hutoa mlingoti mrefu wenye maua juu, mara moja tu katika maisha yake. Aliyeung'oa mwaka wa tatu kwa kuwa hauna ua hakujua ni mmea gani aliopanda. Wahenga nao hawakukosea waliponena: kutangulia si kufika.

UNGA MWEUPE JUU YA TUNDA

Hapa maana inaanza kwenda mbali na ua. Ukishika zabibu mbichi ambazo hazijaoshwa utaona juu ya ganda kuna kitu cheupe kama vumbi. Ukipitisha kidole kinafutika. Kitu hicho nacho Waingereza hukiita 'bloom'. Si uchafu wala si dawa ya mkulima. Ni nta nyembamba ambayo tunda lenyewe hujitengenezea ili lisipoteze maji upesi.

Yai la kuku nalo lina 'bloom' yake, yaani utando mwembamba usioonekana kwa urahisi unaofunika ganda. Ganda la yai lina vitundu vidogo vidogo sana, na utando huo husaidia kuzuia viini vya maradhi visiingie. Ukiliosha yai unauondoa, ndiyo maana yai lililooshwa halifai kuwekwa muda mrefu nje ya jokofu.

Na chokoleti je? Ukiisahau chokoleti mfukoni siku ya jua kali, ikayeyuka kisha ikaganda tena, mara nyingi hutokeza madoa meupe. Wengi huitupa wakidhani imeota ukungu. Yale ni mafuta ya chokoleti yenyewe yaliyopanda juu, nayo pia huitwa 'bloom'. Ladha yake hupungua uzuri kidogo lakini haina madhara. Katika mifano hii mitatu, ukiandika 'ua la yai' au 'ua la chokoleti', hakuna atakayekuelewa. Sema nta, sema utando, sema madoa ya mafuta, kulingana na kitu chenyewe.

MAJINA YA WATU

Neno hili limeingia pia katika majina. Walimu wetu wapendwa wanalijua moja vizuri. Benjamin Bloom alikuwa mtaalamu wa elimu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 1999. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitoa kitabu kilichopanga malengo ya kufundisha katika ngazi sita: kujua, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kuunganisha na kutathmini. Kwa hivyo mtihani ukikuambia 'taja', uko ngazi ya chini kabisa. Ukikuambia 'linganisha' au 'tathmini', umepanda juu, na kukariri peke yake hakutakuokoa. (Tafadhali usichanganye 'changanua' na 'chanua'. Sauti zinakaribiana, maana ni mbali mbali.)

Wasichana nao wanalijua jina jingine, ingawa huenda hawajui kwamba ni jina la mtu. Ile nguo ya michezo iitwayo bluma imetokana na Amelia Bloomer, mwanamke wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1818 na 1894. Yeye alikuwa na gazeti la wanawake lililoitwa The Lily, ambalo pia ni jina la ua. Nyakati hizo wanawake walivaa marinda mazito yaliyoburura chini. Mwaka 1851 Bloomer alitetea katika gazeti lake vazi jipya: suruali pana zilizobanwa kwenye vifundo vya miguu, na sketi fupi juu yake. Si yeye aliyelibuni vazi hilo, lakini kwa kulitetea hadharani likaitwa kwa jina lake. Alichekwa na kukejeliwa sana. Leo msichana akikimbia mita mia nne bila kujikwaa kwenye rinda, amshukuru pia mama huyo.

Katika fasihi kuna Leopold Bloom, mhusika mkuu wa riwaya ya James Joyce iitwayo Ulysses, iliyotolewa mwaka 1922. Hadithi yote yatokea mjini Dublin siku moja tu, tarehe 16 Juni 1904. Baba yake Bloom alitoka Hungaria akiitwa Virág, neno ambalo kwa Kihungaria lina maana ya ua. Alipobadilisha jina likawa Bloom. Naye Leopold alipotaka kuandika barua za siri alijiita Henry Flower. Jina moja limetafsiriwa mara mbili na bado ni ua! Hapo tafsiri ya neno kwa neno ilifaa, kwa sababu maana iliyokusudiwa ilikuwa ua hasa.

CHUMA NA MATUSI MADOGO

Wahunzi wa kale walichoma mawe ya chuma kwa makaa katika tanuri ya udongo, na humo wakatoa bonge lenye matundumatundu lililohitaji kufuliwa kwa nyundo. Waafrika wengi walifua chuma kwa njia hii, wakiwemo Wahaya wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Bonge hilo kwa Kiingereza huitwa 'bloom'. Hili linafanana na lile la ua kwa sura na sauti, lakini maana zake hazina uhusiano unaojulikana. Sisi tutaliita bonge la chuma, basi.

Na ukimsikia Mwingereza amesema 'blooming idiot', usidhani anamsifu mtu. Hapo neno limetumiwa kufunika tusi lingine kali zaidi, ili mtu akasirike bila kutukana waziwazi. Kwa Kiswahili ni kama kusema mjinga wa kutupwa.

ZIWANI: UA LISILO UA

Sasa tumefika pale nilipokuahidi. Ziwa Viktoria, hasa katika Ghuba ya Winam, nyakati nyingine maji hugeuka kijani kibichi, mazito kama rangi ya ukuta, na hutoa harufu mbaya. Wanasayansi huita hali hiyo 'algal bloom'. Mwenye kamusi ya haraka ataandika 'maua ya mwani' au 'kuchanua kwa mwani'. Ukisoma hivyo utafikiri ziwa limependeza!

Ukweli ni mwingine. Vile ni viumbe vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, na wengi wao ni bakteria wa rangi ya kijani na buluu. Wao huzaana kwa kasi wanapopata chakula kingi, yaani naitrojeni na fosforasi. Chakula hicho huletwa na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani, na maji machafu kutoka mijini. Wakifa kwa wingi huoza, na kuoza huko hutumia oksijeni ya majini, samaki wakakosa hewa. Baya zaidi, aina kadhaa, mojawapo ikiitwa Microcystis, hutoa sumu inayoumiza ini la binadamu na la mnyama.

Na hapa sikiliza vizuri, wewe uliyezoea kuambiwa uchemshe maji kabla ya kunywa. Kuchemsha huua viini vya maradhi kama vya kipindupindu, lakini hakuiondoi sumu hii. Maji ya kijani yakichemshwa yanabaki na sumu yake. La kufanya ni kuyaepuka: kutoyanywa, kutooga humo, kutonywesha ng'ombe wala mbwa, na kuteka kwingine.

Tena kuna fumbo. Ziwani mna mmea wenye maua kwelikweli, nao ni gugumaji. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini na likaonekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980. Lina maua mazuri ya zambarau, na limewasumbua wavuvi kwa kuziba njia za mashua. Basi mtu akimwambia mamake nyumbani, 'Mwalimu amesema maji yenye maua ni ya hatari', mama atatazama ufuoni. Asipoona maua ya zambarau, atachota yale ya kijani bila wasiwasi. Umeona? Penye maua hapaitwi 'bloom', na panapoitwa 'bloom' hapana ua hata moja. Tafsiri mbaya darasani hupoteza alama mbili. Tafsiri mbaya ufuoni inaweza kupoteza ini la mtoto.

Mimi napendekeza tuseme 'mfumuko wa mwani'. Mfumuko wa bei tunaufahamu sote, hata muuza mandazi pale langoni anaufahamu: ni kitu kupanda ghafla hadi kikaleta shida. Lakini ukizungumza na mtu wa nyumbani, hata msamiati huo huuhitaji. Mwambie tu: maji yakigeuka kijani na kuwa mazito, yana sumu, na kuyachemsha hakusaidii.

UA LETU WENYEWE

Kabla hatujawacheka Waingereza, tukumbuke kwamba neno letu 'ua' nalo ni kitawe. Kuna ua linalonukia bustanini. Kuna ua lililozungushwa nyumba, ambalo wingi wake ni nyua. Na kuna kitenzi ua, yaani kutoa uhai. Mgeni akisoma 'ua ndani ya ua' atapaswa kututazama usoni ajue kama tunapamba au tunachinja. Kila lugha ina maneno ya namna hii, na wenye lugha hawapotei kwa sababu wanajua kinachozungumzwa.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, ukikutana na neno kama 'bloom' jiulize maswali matatu kabla ya kuandika. Kwanza, kinachozungumziwa ni kitu gani: mti, mtu, yai, chuma au maji? Pili, kinafanya nini hasa: kinafunguka, kinang'ara, kinafunika au kinazidi? Tatu, watu wa kwetu wakikiona kitu hicho husema nini? Swali la tatu huwa na jibu bora kuliko kamusi, na jibu hilo mara nyingi liko kwa nyanya, kwa mvuvi au kwa mkulima. Sisi wa shule za kutwa tuna bahati, maana kila jioni tunarudi kwao. Tuwaulize.